Mashahidi wa Pembe Moja

Shahidi wa tatu aliposimama na kusema kwamba hata yeye amemwona Pembe Moja, tena mwezi uliopita, mwenyekiti alitamani sakafu ya wizara ipasuke immeze.

Si jana tu alikuwa amewaweka kikao mashahidi wake hawa? Chama cha taifa cha wawindaji wa burudani alikuwa akikiongoza yeye, na jana aliwausia kama baba anayewaaga watoto wanaokwenda ugenini. "Jamani, kesho mkiulizwa kama mmemwona yule mnyama, semeni hamjamwona. Wala si uongo. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwona." Wakacheka, wakagongana mabega, wakasema, "Ondoa shaka, Mwenyekiti."

Bonde lililowaleta wizarani ndilo pekee walilobakiziwa kuwinda. Mengine yote yalishafungwa, na mtu wa kawaida mwenye kibali chake na likizo yake ya wiki moja hakuwa na pengine pa kwenda na bunduki. Likifungwa nalo, chama kitabaki jina tu. Na wizara ilitaka kulifunga kwa sababu ya mnyama mmoja: dume la palahala, swala mkubwa mweusi aliyevunjika pembe moja, wa mwisho wa aina yake katika sehemu zile. Kama bado yupo, bonde lifungwe. Kama hayupo, wawindaji waendelee. Jambo lilikuwa jepesi, ila mashahidi wenyewe ni wawindaji.

Wa kwanza, daktari wa meno, alianza vizuri. "Kwa kweli sijamwona," alisema. Halafu akaona wenzake wanavyomtazama, akakohoa. "Yaani, sijamwona kwa karibu. Nilimwona ng'ambo ya mto, anakunywa maji."

Mwenye duka la dawa hakuweza kuvumilia. Ng'ambo ya mto? Yeye alimkaribia mpaka akasikia pumzi zake!

Na sasa huyu wa tatu, mwalimu mstaafu, mtu aliyechapa watoto wa watu kwa kusema uongo. "Tulikuwa ana kwa ana," alisema, mkono mmoja mfukoni. "Bunduki begani, kidole tayari. Nikamwacha. Kumuua yule ni jela, na mimi sheria naiheshimu. Akanitazama, akaitikisa pembe yake ya kushoto, akaenda zake."

"Ya kulia," mwenyekiti alisema.

Mkurugenzi wa wanyamapori, mama wa makamo asiye na haraka, aliivua miwani. "Kumbe hata wewe umemwona?"

"Nasikia tu," mwenyekiti alijibu, akaanza kuizungusha kofia yake mapajani.

Nyuma yake wakacheka chinichini. Nani asiyejua kwamba mwenyekiti hana nyota ya porini? Katika chama kizima ni yeye peke yake asiye na kisa cha Pembe Moja. Wenzake wakianza kutia chumvi kwenye mikutano, yeye hukumbuka simu ya kupiga, akatoka nje.

Alisimama, akajitahidi. Akaeleza kwamba askari wa wanyamapori wamezunguka bonde zima msimu baada ya msimu, wasione unyayo wala kinyesi. "Mheshimiwa, hawa wanajisifu tu. Mwindaji haulizwi alichokiona huku mwindaji mwenzake anamsikiliza."

"Umewaleta wewe," mkurugenzi alisema. "Ukaniandikia kwamba ndio wanaolijua bonde kuliko mtu yeyote."

Mwenyekiti akaketi. Feni ya dari ilikuwa inalia kama bawaba mbovu.

"Lisemwalo lipo," mkurugenzi aliendelea. "Sina ugomvi na wawindaji. Niletee mfupa wake mmoja tu, nijue amekufa, nami bonde nitaliacha wazi leo hii." Akasubiri. Mwenyekiti alikuwa anaitazama kofia. "Basi. Bonde limefungwa."

Kwenye korido ndipo alipopandwa na hasira hasa. Kabla hajafungua mdomo, daktari wa meno alimwahi.

"Mwenyekiti, ukweli tuambiane. Leo hukututetea."

"Mimi?" Sauti yake ilimfanya karani mmoja achungulie mlangoni. "Mimi ndiye niliyemwona akinywa maji? Mimi ndiye niliyesikia pumzi? Jana niliwaambia nini? Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Sasa ulitaka nifanyeje?" mwalimu alilalamika. "Wawili wamemwona mbele yangu. Niseme mimi peke yangu ndiye sikumwona? Watu wanielewe vipi?"

Mwenye duka la dawa aliuliza, kwa upole kabisa, kama chama kina mpango wa kukata rufaa. Mwenyekiti akageuka, akashuka ngazi bila kuwaaga. Miaka yote hii anabishana na wizara kwa niaba ya watu hawa, na adui yake mkubwa ni midomo yao.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi.

"Wamelifunga," alisema.

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake."

Mkewe aliisimamisha pasi. "Nilikwambia asubuhi. Ukweli ungeyamaliza."

"Wangesema ukweli wao, yangekwisha," alijibu.

Akaingia chumbani, ambako hakuna mgeni aliyewahi kuingia, akaufunga mlango. Ukutani, kichwa kikubwa cheusi kilimtazama kwa macho yake ya kioo. Akaitungika kofia mahali pake pa miaka yote, kwenye pembe ya kulia. Ya kushoto haikuwepo.