Vifungo vya Bi Mwanakheri

Saumu alitega saa ndogo ya jikoni, akaiweka mezani. Alikuwa ameacha kazi katika idara ya utumishi ya kampuni kubwa ili ajitegemee kama mshauri wa mambo ya wafanyakazi, na huyu Bi Mwanakheri aliyeketi mbele yake, mwenye karakana hii ya kushona sare, ndiye mteja wake wa kwanza. Kule kwenye kampuni msaidizi wake alikuwa akimgusa kiwiko kila akili ilipopotea. Sasa alibaki na kengele ya saa hiyo tu.

"Nimeshindwa kuwaambia mafundi wangu kwamba naifunga karakana," Bi Mwanakheri alisema. "Tangu tumzike mume wangu najaribu. Nikiiona cherehani yake, sauti haitoki." Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kengele ikalia.

"Unanipimia kilio, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naipimia akili yangu. Nimezaliwa hivi, inatoka bila kuaga."

"Na hapa ilikuwa imetoka?"

Uongo mmoja ungeiokoa kazi.

"Ilitoka, mama. Ulipotaja mazishi, nilikuwa naangalia vifungo vya blauzi yako. Umevifunga kombo."

Bi Mwanakheri aliinamia kifua chake. "Vidole vyangu vimekakamaa," alisema polepole. "Mume wangu ndiye aliyekuwa akinifungia."

Saumu aliisogeza saa kando. Katika chumba cha pili, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mlango ukafunguka. Mafundi, waliokuwa wamesikia yote, walisimama kizingitini, tepu zikining'inia shingoni, wakimtazama huyu, kisha yule, wakingoja kuona nani ataanza kusema.