Mtani Amevaa Viatu vya Kapteni

Benigna, dada wa kazi, aliusikia mwendo kabla hajamwona mtu. Kisigino cha kushoto kinaburuzwa, kimya kidogo, kinaburuzwa tena, kikija upande wa jikoni. Kikombe kikamponyoka.

"Dada, chai yangu iko wapi?"

Uani watu wakaangua kicheko. Alikuwa Rupert, mtani wa ukoo, Mbena wa Njombe, amevaa sweta na viatu vya marehemu, anaiga mwendo wake. Leo matanga ya Kapteni Dennis yalikuwa yanaisha, na kazi ya mtani ni kumrudisha marehemu mara moja ya mwisho, watu wamuage.

"Kongo nilikwenda kucheza bolingo tu, nyie mkaleta jeneza!" Rupert alitamba, akikohoa kikohozi kilekile. "Wangoni bwana, hata kuzika hamjui!"

"Mwone Mbena huyu!" baba mdogo alijibu, anacheka, machozi yanamtoka.

Kapteni aliuawa huko kwenye ulinzi wa amani, na jeneza lilikuja limefungwa. Siku ile wote waliinama wakalia. Benigna peke yake aliuliza, kwa kunong'ona, kama kuna aliyeuona uso. Tangu hapo kila usiku alisikia kisigino kile koridoni, akashtuka, akakaa kitandani akisikiliza mpaka majogoo.

Mama Kapteni akamshika mkono, akamleta uani. "Mnamwona binti huyu? Mtu mzima, kazi anaijua, lakini kusema hasemi. Mtajie tu jina la mwanangu, anatetemeka. Hata dada zake hawajamlilia hivi."

Rupert akapita kwa mmoja mmoja. "Pumzika, baba," Mama Kapteni alimwambia. Violeth, dada wa marehemu, akasema, "Kaka, watoto tutawalea."

Kisigino kikaburuzwa mpaka mbele ya Benigna.

"Na wewe? Tangu nifike huniangalii. Umeshanisahau?"

Benigna akatazama chini.

"Muage, mwanangu," Mama Kapteni alimhimiza. "Sema lililoko moyoni. Hatarudi tena huyu."

"Kweli hatarudi?"

"Kweli. Waliomvisha sare kwenye jeneza wameniapia."

Benigna akavuta pumzi. Akainua uso, akamkazia macho mtu yule mwenye sweta, na uani pote wakaisikia sauti yake.

"Basi, Kapteni, leo nitalala bila kusukuma kitanda kuziba mlango."