Bidoni ya Mokambo

Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2025. Mvua ya usiku ilikatika kabla ya alfajiri, na asubuhi ilikuja na mawingu mazito, bila upepo hata kidogo. Kwa kupiga dawa miembe, Alimasi hakutaka siku nyingine.

Saa tatu, mkewe Mounira alimkuta binti yao Yasmine, mwenye miaka minne, chini ya mwembe wenye kitambaa chekundu. Mikono ya mtoto ilikuwa ya njano hadi viwiko. Kokwa la embe la pili lilikuwa bado mdomoni.

Alimasi alifunga kitambaa chekundu kwenye kila mti aliokwisha kuupiga dawa. Mti ukiwa nacho, mtu asile embe lake kwa siku kumi na nne. Kile kilikuwa kimefungwa asubuhi hiyohiyo.

Mounira alimpokonya lile kokwa. Alimbeba mtoto mbio, akachukua chupa ya mafuta ya mawese, akamnywesha, kama wanawake wa kwao wanavyomfanyia mtu aliyekula sumu. Yasmine alikabwa, akameza, akatapika. Akatapika tena. Udenda ulimtiririka, macho yakalegea.

"Mama, mutoto ananikufia," Mounira alisema.

Mama mkwe wake, Rabia, alikuwa ameketi mkekani na tasbihi yake. Hakuinuka. Aliutazama ule mwembe, kisha akaitazama pompi ya kupigia dawa, ile ya kubeba mgongoni, iliyoegemezwa ukutani.

"Mutoto hatakufa. Usimupe tena mawese."

Mounira alijiuliza mzee huyu ana moyo wa namna gani.

Miembe kumi na mmoja ya lupangu lao, kiwanja cha nyumba pembezoni mwa mtaa wa Katuba, ndiyo iliyoilisha nyumba tangu Alimasi aache kazi ya asidi kiwandani, kazi iliyomwacha na pua isiyosikia harufu yoyote. Adui yake alikuwa nzi wa matunda, anayetaga ndani ya embe likaoza likiwa bado mtini. Kila msimu Alimasi alileta kutoka mji wa mpakani wa Mokambo bidoni, dumu la dawa lenye picha ya fuvu. Kusoma hakujua. Mama yake, aliyeanza kozi ya jioni ya kusoma na kuandika akiwa na miaka hamsini na nane, ndiye aliyesoma vipimo, akachanganya dawa na kumjazia pompi. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuisogelea.

Rabia alikuwa na kazi yake nyingine. Katika kozi, mwanamke mmoja wa kilimo aliwaeleza kwamba funza wa embe lililoanguka ndiye nzi wa kesho. Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, Rabia aliokota maembe yote yaliyoanguka, akayafunga ndani ya mifuko myeusi na kuyaacha juani mpaka funza wafe kwa joto. Mitini alitundika chupa zenye chambo cha kunasa nzi. Barabara nzima ilicheka. Jirani yao Mwansa alizoea kumwuliza juu ya ukuta, "Mama Rabia, mazishi ya maembe iko saa ngapi leo?" Hata Alimasi alimtania mama yake: "Weye zika, mama. Miye ninaua."

Na ilionekana Alimasi yuko sahihi. Mwansa alipiga dawa ileile, maembe yake yakajaa funza. Ya Alimasi yalitoka safi. Watu walisema mkono wake umebarikiwa.

Sasa Alimasi, aliyesikia habari na kukimbilia msaada, alirudi mbio, matope hadi magotini, pamoja na Annie, muuguzi wa barabara hiyo. Mwansa na wanawake wa jirani waliwafuata, wakajaa uani.

Annie alisoma karatasi ya bidoni, uso wake ukabadilika. Aliyaona matapishi, akaona udenda. Akafunua jicho la mtoto, akalitazama kwa muda mrefu, akalitazama la pili.

"Mboni ya macho haijakuwa kidogo sawa hii sumu inafanyaka," alisema polepole. "Alimasi, ulipiga kweli hii dawa?"

"Miye mwenyewe. Pompi tatu nzima, na ya ine iko pale ukutani."

Annie aliwaeleza kwa sauti ya chini. Hospitali ni mbali, na njia imejaa maji. Anayo sindano moja ya kupambana na sumu hii. Aliyekula sumu, inamwokoa. Asiyeila, na mwenye mwili mdogo kama huu, inaweza kuusimamisha moyo wake.

"Annie, ngojea," Rabia alisema.

Alimasi alimwambia mama yake aombe Mungu na anyamaze. Mounira alipiga magoti, akamsihi Annie kwa jina la Mungu asikawie. Mtoto alitapika mara ya tatu. Annie alivunja shingo ya kichupa, akavuta dawa ndani ya sindano, akashika paja dogo.

Rabia aliinuka. Alikwenda ukutani, midomo ikisema Bismillah bila sauti, akafungua kifuniko cha pompi. Wakati Alimasi alipoelewa, mama yake alikuwa amekwisha kuchota kikombe kizima. Alimrukia. Alikipata kikombe kikiwa kitupu.

Alimasi alimshika mama yake mabega yote mawili, kama mtu anayemzuia mwingine asianguke. Rabia hakuanguka. Alijipangusa mdomo kwa ncha ya kilemba chake, akamgeukia Annie, aliyekuwa bado hajachoma sindano, kisha wote waliosimama pale.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu bote ninaahidi," alisema, "mwaka kesho Alimasi akileta tena bidoni ya Mokambo, nitaimwanga tena ndani ya choo na kutia pompi maji na maziwa ya unga, sawa vile nimefanya hii miaka tatu."