Chavua ya Nani

Ua la tatu lilimvunjikia mkononi, na hilo halikuwa kawaida yake. Wenzake kwenye shamba la mbegu walimbandika jina la Kibano kwa sababu aliweza kung'oa sehemu za kiume za ua la nyanya, moja baada ya nyingine, bila ua lenyewe kushtuka.

Upande wa pili wa tuta, baba yake alikuwa akipaka chavua kwa brashi. Ndiye aliyemfundisha kazi. "Ng'oa dume kabla hajapevuka, kisha lete chavua unayoitaka," alizoea kumwambia. "Na kwenye kibandiko tanguliza jina la mama. Mama hahitaji shahidi. Baba ni wa kuaminiwa tu." Nao walikuwa wakicheka.

Tangu mama azikwe, miezi miwili sasa, Kibano hakuwa na kicheko. Siku ya mazishi alimsikia shangazi akinong'ona nyuma ya pazia: "Kulea damu isiyo yako miaka ishirini na sita, bila kumsimanga mtoto hata siku moja. Moyo ule haupatikani tena."

Akaanza kumtazama baba kwa kuibia: pua, vidole, mwendo. Masikio yao yalichongoka sawasawa, lakini hayakumtuliza. Masikio ni masikio. Kaburini kwa mama alisusa kwenda.

Akaweka kibano chini. "Baba, usinifiche. Mimi ni mtoto wa nani?"

Brashi ilisimama. Mzee akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta miwani isiyo na vumbi.

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia shangazi. Wewe sikulaumu, baba. Umenilea. Ninayemlaumu ni mama."

"Mwache mama yako apumzike."

"Alikusaliti, na wewe ukanyamaza."

Mzee alitikisa kichwa.

"Aliyesaliti ni mimi, mwanangu. Nilirudi nyumbani nimekubeba, una siku tisa, nimekuviringisha kwenye shati langu. Aliyekuzaa tulikuwa tumemzika asubuhi ile. Mke wangu alikupokea mlangoni, akaniuliza swali moja tu: mara ya mwisho ulinyonya lini."