Kipande cha Thelathini na Moja

Jumamosi watu sabini elfu walisimama kumshangilia Marquell. Alikuwa mlinzi wa kati wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, yule ambaye kazi yake ni kumwangusha mbeba mpira, na alikuwa amerudi baada ya miezi kumi na minne ya kuuguza goti. Hakuna aliyeona kwamba mara moja, mbeba mpira mmoja alipomjia kifua kwa kifua, alifumba macho na kumpisha.

Hakuna, ila kamera. Na kila Jumapili kocha huwaonyesha video ya mechi, kipande kwa kipande, na hajawahi kumwonea mtu haya.

“Kipande cha thelathini. Nani huyu amelala?”

“Mimi, kocha,” akajibu mchezaji mmoja wa nyuma.

“Nikuletee na shuka?”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Marquell hakucheka. Kipande kilichofuata kilikuwa chake. Kovu la gotini lilianza kumwasha. Akalifunika kwa kiganja, akangoja.

Kocha akabonyeza rimoti mara mbili, harakaharaka. Kwenye kona ya skrini ikatokea namba thelathini na mbili.

Hakuna aliyeuliza. Jirani yake Marquell aliinama, akajitia kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa amevaa kandambili.

Kumbe wote walijua.

“Kocha,” Marquell akasema. “Umeruka moja.”

“Najua, mwanangu. Tulia tu.”

Mwanangu! Mara ya mwisho kumwita hivyo, Marquell alikuwa amelala kwenye machela.

Akainuka, akaenda mbele, akanyoosha mkono.

“Naomba hiyo rimoti.”