Trio Inangoja

Mjinga wa siku ile alikuwa Anaclet, na mwenyewe hakatai. Ila mfa maji hukamata maji. Yeye alikamata piano.

Hakuwa na bosi, na mjini mtu asiyeandikwa kazi hufukuzwa. Jioni ikimkuta hivyo, polisi wangempakia kwenye treni ya kurudi Kasai, amwache Kapinga, mkewe, na tumbo la kukaribia kujifungua. Polisi hakusema mara mbili: "Leo, mwisho."

Ndipo jirani yake Rigobert, mfagizi wa jumba la tamasha, akaja akihema.

"Anaclet! Bale bazungu batatu ba konseri bamefika, na violon, na violon ingine kubwa sawa mbuzi! Lakini ule mwenye kupika iko na malaria. Madame anatafuta mwingine mbio mbio!"

Kwa Kiswahili chao hata kinanda hupikwa, hakipigwi; naye Kapinga akasimama, mkono kiunoni. "Baba, si ulikuwa unapika harmonium kwa bapadri? Unangoja nini, treni?"

Akamvalisha shati la Pasaka. Njia nzima vidole vya Anaclet vilitembea juu ya paja lake.

Madame alimkuta mlangoni, jasho likimtoka.

"Wewe ulipika wapi?"

"Kwa bapadri ba Kambove, Madame."

"Ya kizungu unajua?"

"Ya Bafransa, ya Baallemand, yote."

"Bila kuangalia kitabu?"

"Iko mu kichwa, Madame."

"Mikono?"

Akaionyesha. Madame akaigeuza, akashusha pumzi. "Merci, Seigneur! Ukifanya muzuri leo, nakuandika kazi. Ingia upesi, trio inangoja!"

Ukumbini, mzungu mmoja alikuwa anakaza nyuzi za violon, mwingine ameikumbatia ile mbuzi. Piano wazi, kiti chake kitupu. Anaclet akaketi, akafumba macho, akapika. Akampikia Kapinga, akampikia mtoto ambaye hajaonekana, hadi jasho likadondoka juu ya vidole. Wale wawili wakabaki midomo wazi.

Mzungu wa tatu, mzima wa afya, akaingia akifuta mikono kwa taulo, akatafuta kiti chake. Nyuma yake Madame, uso mwekundu.

"Nani amekutuma huku?"

Anaclet akaruka juu, machozi yakimlenga. "Madame, si mulitafuta mwenye kupika? Nimepika! Nimepika na roho yote!"

Madame akainua mkono. Kuku aliyening'inia humo, miguu imefungwa kamba, akapiga kelele.

"Umepika? Basi sababu gani huyu kuku iko ananiangalia?"