Mlio wa Kaseti

Mwinjuma alipomaliza kulehemu waya wa mwisho, ile kompyuta kuukuu iliwaka, maandishi yake yakatokea kwenye runinga ya karakana. Bi Mwanaidi, mjane aliyeileta, alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Marehemu mumewe, Hamadi, alikuwa akiitungia michezo kila jioni na kuihifadhi kwenye kaseti.

Mwinjuma akatia kaseti kwenye redio, akachomeka waya wa kuiunganisha na kompyuta. Kaseti ikazunguka kimyakimya, na hatimaye kigari chekundu kikatokea barabarani.

"Mchezo wa mzee huo, mama!" akasema kwa fahari.

Bi Mwanaidi hakukitazama. "Mbona kaseti haipigi kelele?"

"Waya unameza sauti. Kompyuta inasikia peke yake."

"Marehemu hakuwahi kuuchomeka mpaka mwisho."

"Nikiuchomoa, mchezo hautasomeka."

"Sikufuata mchezo, mwanangu."

Mwinjuma akairudisha kaseti mwanzo, akachomoa waya. Mlio mkali wa kukwaruza ukajaa chumba kizima. Bi Mwanaidi akainuka, akaenda kusimama mlangoni, akakipa chumba kisogo, akaita:

"Hamadi, punguza hizo kelele! Chakula kinapoa!"

Mwinjuma akapeleka mkono kwenye kitufe cha sauti, kisha akaurudisha.